Uzoefu Wangu: Kujengewa Chumba cha Marobota ya Mabua ya Mpunga, Uyole

Kwa yeyote anayeijua baridi ya Uyole, Mbeya, ya Juni na Julai, ninaupendekeza ukuta wa marobota ya mabua, mradi mabua yawe makavu na paa litangulie ukuta. Mafundi niliowapa kazi walisimamisha kwanza mirunda, kenchi na bati, ndipo wakapanga marobota juu ya msingi wa mawe ulioinuliwa vizuri kutoka ardhini, wakiyapishanisha kama matofali na kuyashikiza kwa vijiti vya mianzi.

Mabua yalitoka Mbarali, ambako baada ya mavuno, mabua mengi huchomwa tu shambani. Hapo ndipo muuzaji aliponiudhi, kwa sababu shehena ya mwisho ilikuwa imenyeshewa. Fundi mkuu alizamisha mkono katikati ya kila robota, akaunusa, na yaliyokuwa na joto au harufu ya uvundo akayakataa papo hapo. Alifanya haki, kwani unyevu ukizidi takriban asilimia 20 ya uzito, ukungu huanza, na ukuta huoza kwa ndani bila mwenye nyumba kuona.

Lipu ndiyo kazi yenyewe, na ndiyo inayostahili fedha. Tabaka la kwanza, la udongo wa mfinyanzi uliolegezwa kwa maji, lilisukumwa kwa viganja hadi likaingia kati ya mabua. La pili lilikuwa zito, lenye mchanga na mabua yaliyokatwakatwa. La mwisho, upande wa nje, lilikuwa la chokaa. Niliombwa nisidai saruji, nami nakubali, maana saruji huzuia mvuke kutoka na kuufungia unyevu ndani. Ukuta uliokamilika una unene wa karibu nusu mita, na joto la mchana hubaki chumbani hadi usiku sana.

Dosari niliyoiona ni mipasuko kwenye kona za madirisha, ambako lipu ilikutana na mbao bila kipande cha gunia kuishikilia. Mafundi walirudi wakarekebisha bila malipo ya ziada, ila hilo lingepaswa kufanywa mwanzoni. Ninawapa nyota nne kati ya tano. Atakayewaita aandike katika makubaliano kwamba upande unaopigwa na mvua utakaguliwa na kupakwa chokaa upya kabla ya Novemba.