Uzoefu wangu: Kupanda ndege na kamera ya filamu kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza

Nimezaliwa na kukulia Kirumba, Mwanza, lakini kwa miaka mingi sasa ninaishi Dar es Salaam, na kila ninapokwenda nyumbani kupiga picha za ziwa na mawe huwa nasafiri kwa basi kwa sababu moja tu: kuogopa filamu zangu zisiungue kwenye mashine za eksirei za uwanja wa ndege. Safari hii nilikuwa na likizo ya siku 5, na basi lingemeza 2 kati ya hizo, kwa hiyo nikakata tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi. Ninawaandikia wapigapicha wenzangu wa filamu, kwa kuwa swali hili, kama filamu inaweza kupita uwanja wa ndege bila kuungua, tumeulizana mara nyingi bila kupata jibu la mtu aliyejaribu.

Kamera yangu ni Mamiya RB67, inayotumia filamu pana iitwayo 120 na kutoa picha 10 kwa kila roli. Ikiwa na lenzi na mgongo wake, yaani kisanduku cha nyuma kinachoshika filamu, inakaribia kilo 3, na haina betri hata moja, jambo lililonipunguzia maswali. Pamoja nayo nilikuwa na lenzi ya pili, kipima mwanga, stendi ya miguu mitatu na roli 12: sita za Ilford FP4 Plus yenye kasi ya ISO 125 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) kwa ajili ya mawe mchana, na sita za Ilford Delta 3200 kwa ajili ya mitumbwi ya dagaa usiku. Hizo Delta ndizo zilizoninyima usingizi, kwa sababu filamu inayonasa mwanga hafifu wa karabai hunasa vilevile mionzi ya eksirei, na watengenezaji wenyewe wanashauri kwamba filamu za kasi kubwa namna hiyo zikaguliwe kwa mkono.

Hofu yangu ilikuwa na chanzo. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa safarini nje ya nchi, nilimsikiliza mhudumu wa kaunta ya shirika moja la ndege, nikaweka roli 4 kwenye sanduku lililokwenda kupakiwa chini. Mashine zinazokagua mizigo ya chini zina nguvu kuliko zile za mabegi ya mkononi. Nilipozisafisha kwa dawa, kila roli ilikuwa na mstari mweusi mpana uliopinda kama wimbi, ukipanda na kushuka kutoka picha ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kuwa mionzi iliipita filamu ikiwa bado imeviringwa. Picha 40 zilipotea, na mahali nilipozipiga sijarudi tena.

Kwa hiyo safari hii nilijiandaa mapema. Nilizitoa roli zote kwenye maboksi, nikaziacha ndani ya karatasi zake za kung'aa ambazo hazijafunguliwa, zile za Delta zikiwa na namba 3200 inayosomeka vizuri, kisha nikazipanga kwenye mfuko mmoja wa plastiki unaoonyesha ndani. Ndani ya kamera sikuweka filamu, kwa sababu mkaguzi ana haki ya kutaka kuona ndani, naye akiufungua mgongo wa kamera kazi imekwisha. Nilibeba pia roli moja iliyopitwa na muda wake, isiyo na thamani kwangu, ili anayetaka kufungua afungue hiyo. Mfuko wenye madini ya risasi uliokuwa ukiuzwa zamani kwa ajili ya kukinga filamu niliuacha nyumbani: kwenye skrini ya mkaguzi unaonekana kama doa jeusi, naye atataka begi lote lifunguliwe.

Jambo ambalo sikuwa nimelihesabu ni kwamba mizigo hukaguliwa mara 2 kabla ya kupanda ndege, mlangoni mwa jengo na tena kabla ya chumba cha kusubiria. Kwenda na kurudi ni mara 4, na athari ya mionzi hujumlishwa, haifutiki kati ya mashine moja na nyingine. Uwanja wa Dar es Salaam nilifika muda wa saa tatu nzima kabla ya safari. Mlangoni nilimkuta afande mtu mzima, nikamwamkia na kumwambia, "Naomba filamu hizi zikaguliwe kwa mkono, mashine inaziunguza." Aliushika mfuko, akaugeuza, akatabasamu. "Bado kuna watu wanaweka mkanda kwenye kamera? Mimi harusi yangu ilipigwa mikanda miwili ya thelathini na sita." Alipitisha kitambaa cha kupimia mabaki ya vilipuzi juu ya kila roli, akanirudishia. Ukaguzi wa pili ulikuwa mfupi zaidi.

Nilichokilalamikia ni kaunta ya shirika, kati ya kaguzi hizo mbili. Siku 2 kabla ya safari nilipiga simu kwenye shirika nililosafiri nalo, nikajibiwa kwamba kamera haihesabiwi katika uzito wa begi la mkononi. Kaunta wakaihesabu. Mizani ilisoma kilo 9 wakati kikomo ni 7, na mhudumu akataka begi zima liende chini, jibu la simu likiwa halina uzito wowote kwake. Nilitoa lenzi ya pili nikaiweka kwenye mfuko wa koti, na kipima mwanga kwenye mfuko mwingine, mpaka mizani ikakubali. Shirika likitoa jibu kwa mteja linapaswa kulisimamia, hasa kwa vifaa ambavyo haviwezi kutupwa kwenye toroli la mizigo. Stendi niliikubalia iende chini, ikiwa imeviringwa kwa khanga mbili, nayo ilifika salama isipokuwa skrubu moja iliyolegea kwa mtikisiko, ambayo niliikaza mwenyewe.

Ndani ya ndege begi liliingia chini ya kiti cha mbele bila shida. Jioni ile ile nilikuwa nimesimama mbele ya Jiwe la Bismarck, mwamba maarufu wa Mwanza ulio ziwani, jua likizama upande wa pili wa ghuba, na FP4 ndani ya kamera. Kwa basi, saa hiyo ningekuwa bado njiani. Usiku wa pili na wa tatu nilikuwa Igombe, kijiji cha wavuvi nje ya mji. Nilichagua siku za giza kwa makusudi, kwa maana mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawafuati taa na wavuvi wengi hubaki nchi kavu.

Siku ya kurudi, Mwanza, mkaguzi alikuwa kijana ambaye hakuwahi kuishika filamu. Aliuliza kwa adabu, "Kaka, ndani yake kuna nini?" Nikampa ile roli iliyopitwa na muda, akaivuta taratibu: kwanza karatasi nyeusi, halafu filamu yenyewe, ya kijivu iliyochanganyika na zambarau. Aliitazama kwenye mwanga wa dirisha akitafuta picha. Nilimweleza kwamba picha haionekani mpaka isafishwe, na kwamba mwanga ule ule aliokuwa akiutumia ndio uliokwisha kuiunguza. Hakuzigusa nyingine. Aliniitia mwenzake wa ukaguzi wa pili na kumweleza yeye mwenyewe.

Roli moja ya FP4 niliipitisha kwenye mashine zote 4 kwa makusudi, na baada ya kuisafisha sikuona tofauti yoyote na zile zilizokaguliwa kwa mkono. Hata hivyo zile zilikuwa mashine za kawaida za mabegi ya mkononi. Ukikutana na zile mpya zinazozungusha mionzi na kuonyesha begi pande zote, usipitishe hata filamu ya ISO 125, hata mara moja.

Delta nilizisafisha bafuni kwangu, beseni likiwa na barafu ili dawa ishuke hadi nyuzi 20, kisha nikazitundika. Nilianza kutazama nafasi kati ya picha na picha, kwa sababu hapo pasipo na picha ndipo kuungua huonekana wazi zaidi. Pote palikuwa peupe. Taa za dagaa kwenye negativi, yaani filamu iliyosafishwa ambayo mwanga huwa mweusi, huonekana kama nukta nyeusi; katika picha ya nne ya roli ya tatu nilihesabu 17, zimejipanga kutoka Igombe kuelekea ziwani, na kati yake hapakuwa na ukungu.