Scylla au Charybdis: upite upande gani?

Katika Odisea, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer, merikebu hupita mlango mwembamba wa bahari kati ya mazimwi mawili: Scylla anayenyakua mabaharia kutoka mwambani, na Charybdis aliye upande wa pili. Kwa hasara, Scylla ni nafuu: vichwa 6, watu 6, merikebu inapita. Charybdis anafyonza bahari mara 3 kwa siku; akikukuta saa hiyo, mmekwisha wote.

Ila Scylla hakosi. Odysseus, shujaa wa utenzi huo, alivaa deraya, akashika mikuki miwili (mchawi Circe alishamwonya kuwa silaha hazifui dafu), na bado wenzake walinyakuliwa juujuu, wakipiga kelele na kumwita kwa jina. Charybdis angalau hutapika alichomeza.

Una mabaharia wengi? Mkaribie Scylla, na makasia yasilale. Uko peke yako juu ya mbao za merikebu iliyovunjika? Odysseus mwenyewe baadaye alinusurika kwa Charybdis: aling'ang'ania mti wa tini kama popo mpaka mbao zake zikatemwa, akapiga makasia kwa mikono.