Kipimo cha simtanki: miezi saba nikikitumia Kimara

Nyumba yangu iko Kimara, juu mlimani. Maji ya bomba hutufikia mara tatu kwa wiki, mara nyingi usiku. Tuko kaya tatu, watu kumi na wawili, tunategemea simtanki moja la lita 2,000. Lilikuwa likikauka kabla maji hayajarudi, na ugomvi ni uleule: nani kafua sana, nani kaacha koki wazi. Na mimi tangu Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao mkali, tangi tupu linaninyima usingizi.

Kipimo nilikinunua kwa kijana mmoja fundi wa Kariakoo, shilingi 145,000 pamoja na kufungiwa. Ni kikopo cha plastiki kinachokaa chini ya mfuniko wa tangi. Jicho lake linarusha sauti ambayo sikio halisikii, linasubiri mwangwi urudi kutoka kwenye maji, kisha linapiga hesabu ya kina. Ndani kuna laini ya simu, na kila dakika kumi kina cha maji kinaingia kwenye programu ya simu yangu pamoja na mchoro.

Huo mchoro ndio uliolipa pesa yangu. Wiki ya pili niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaufungua kabla ya kuswali. Mstari ulikuwa umeshuka sentimita sita tangu saa sita usiku, na wote tulikuwa tumelala! Kwa tangi langu sentimita moja ni kama lita 11. Lita zaidi ya 65 zimekwenda na hakuna aliyenawa hata mkono.

Fundi bomba alizunguka vyoo vyote. Kwenye choo cha nyuma alichana kipande cha karatasi ya chooni, akakibandika ukutani ndani ya bakuli, pakavu kwa macho. Kikalowa palepale. Uzi wa maji mwembamba kiasi kwamba huuoni wala huusikii, usiku na mchana. Raba ya tangi la choo ilikuwa imeisha, na mpya ni shilingi 4,000. Tulipopiga hesabu, zilikuwa zinatupotea karibu uniti 10 kwa mwezi, na uniti moja ni lita 1,000. Bili iliyofuata ilishuka kutoka uniti 31 hadi 22, na sasa tangi linatufikisha siku ya maji. Nilikwenda kumwomba radhi mpangaji wa nyuma, maana kwa miezi mingi yeye ndiye tuliyemnyooshea kidole kwa kufua.

Kasoro zipo, na ya kwanza iliniudhi sana. Maji yakikaribia jicho kwa kama sentimita 25, kipimo hakioni tena. Tangi limejaa, simu inaniambia liko nusu. Boya nalo lilikuwa limechakaa, maji yakafurika mpaka barabarani. Nilipompigia yule kijana wa Kariakoo alisema, "Shikamoo mama, hapo ungeniambia unajaza mpaka juu." Mwanangu, nani hajazi tangi mpaka juu mji huu? Hilo alipaswa kulisema yeye kabla ya kupokea pesa. Alikuja siku ya tatu, akakata ndoo kubwa na kuifanya shingo juu ya mfuniko, kikopo kikakaa juu zaidi, mbali na maji. Tangu hapo kinasoma sawasawa.

Mvuke nao unaganda kwenye jicho na kuleta namba za ajabu. Kila Jumamosi nalifuta kwa kitambaa kikavu. Umeme ukikatika, betri yake inafika siku nzima.

Ukiwa na nyumba ya wapangaji, kinunue, ila dai hiyo shingo tangu siku ya kwanza. Mwenye pipa la lita 500 aanze na boya jipya na raba za choo. Mimi nadunduliza cha pili, cha tangi la maji ya mvua ninalotaka kulifunga chini ya bati la upande wa jikoni kabla vuli haijaanza.