Programu za kuvunja sauti kuwa punje: ipi uanze nayo, ipi uilipie

Sauti iliyonitia kwenye mchezo huu ni ya kukuna nazi. Nilikuwa natafuta bahari ya usiku kwa ajili ya mchezo wa redio, na bahari halisi niliyoirekodi ilikuwa imejaa bodaboda. Nikaweka simu karibu na mbuzi (ya kukunia, si yule wa supu), nikapata sekunde sita za kwaru-kwaru, nikaziingiza kwenye programu ya granula. Zikatoka dakika mbili za mawimbi yanayopumua. Tangu hapo naulizwa kila mara: ninunue ipi? Jibu langu la kwanza huwaudhi watu, kwa sababu ni: usinunue bado.

Tuelewane kwanza kinachouzwa. Granula sinthesisi huikata sauti vipande vidogo mno, punje, kwa kawaida kila kimoja kati ya milisekunde 1 na 100, kisha huzimwaga upya kwa mpangilio unaoutaka wewe. Mwanafizikia Dennis Gabor alieleza wazo la punje za sauti mwaka 1947, na mtunzi Iannis Xenakis akalifanyia muziki mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kukata na kuunga tepu. Leo laptopu ya kawaida inamwaga mamia ya punje kwa sekunde huku wewe unakunywa chai.

Programu zote, za bure na za bei mbaya, zina mambo matano yaleyale: ukubwa wa punje, wingi wake kwa sekunde, mahali zinapochotwa ndani ya sampuli (kipande cha sauti ulichoingiza), toni yake, na utawanyo, yaani kiasi cha kuzivuruga. Ukiyajua hayo matano, umeijua kazi. Usipoyajua, dola 200 zitakununulia sauti nzuri zilizotengenezwa na watu wengine.

Mfano mmoja unaowatoa jasho wanaoanza. Ukimwaga punje 100 kwa sekunde zikiwa zimepangana sawasawa, sikio halizisikii tena kama punje. Linasikia noti ya hezi 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde. Ndipo mtu analalamika kwamba kila anachoweka, iwe zumari au mvua ya mabati, kinatoka kama nyuki ndani ya chupa, na anaanza kutafuta programu nyingine. Programu haina kosa. Ongeza utawanyo, punje zisifuatane kwa saa, na nyuki ataondoka. Na ukisikia tik-tik-tik, jua punje zinaanza na kukatika ghafla mno. Zipe nafasi ya kuingia na kutoka polepole.

Sasa orodha yangu. Nimeipanga kwa mtu anayejifunza, si kwa studio yenye bajeti.

1. Ile uliyonayo tayari

Maprodyuza wengi ninaowafahamu hapa Dar wanatumia FL Studio, programu ya kutengenezea muziki, na ndani yake mna Fruity Granulizer ambayo hawajawahi kuifungua. Sura yake ni ya kizamani, haikuonyeshi punje zikiruka wala rangi za kupendeza. Lakini angalia nobu (vitufe vya kuzungusha) zake: muda wa punje kuingia, muda wa kukaa, nafasi kati ya punje moja na nyingine inapolia, na nafasi kati yake pale zinapochotwa kwenye sampuli. Hizo mbili za mwisho ndizo darasa lenyewe. Zikilingana, sauti inakwenda mwendo wake wa kawaida. Punguza ile ya sampuli, na neno "habari" linaweza kuvutwa sekunde kumi bila kugeuka sauti ya zimwi, kwa sababu kila punje bado inalia kwa kasi yake ya asili. Siku utakapoisikia tofauti hiyo kwa masikio yako, hutahitaji video ya kukueleza. Toleo la majaribio la FL linakubali kufanya karibu kila kitu, ila mradi uliouhifadhi hutaweza kuufungua tena mpaka ulipie. Basi toa sauti yako kama WAV kabla hujafunga.

Mwenye Mac na Logic Pro, programu ya muziki ya Apple, ana Alchemy, nayo inafanya granula vizuri sana, kwa undani kuliko Granulizer. Kinachonikera ni kwamba milango ni mingi, na anayeanza hupotelea kwenye sauti za kiwandani, zile zinazokuja tayari na programu. Bitwig, programu nyingine ya muziki, nayo inavunja sauti kuwa punje kwa hali ya Textures ndani ya Sampler yake.

2. Ribs na Emergence

Zote mbili ni za bure, na zinaingia kama plagini (programu ndogo ya nyongeza) kwenye programu ya kurekodia uliyozoea. Ribs ndiyo naipenda zaidi: unaweza kuipa faili lako mwenyewe na kuipiga kwa kinanda, au kuipitishia sauti inayolia wakati huohuo. Ina tabia ya ukorofi, hujui kesho itakutolea nini, na kwa kazi ya filamu huo ni utajiri. Emergence ni athari tu: sauti inaingia, inavunjwa, inatoka. Iweke kwenye violini ya taarabu na mwangwi kidogo juu yake, utakuwa na mandhari nzima ya sauti kabla chai haijapoa.

3. Pigments ya Arturia

Hapa ndipo ningetoa fedha ya kwanza. Bei yake ya kawaida ni dola 199, lakini hushushwa mara kwa mara, hasa Novemba. Sioni sababu ya kuilipa kamili. Granula iliingia mwaka 2019 kwenye toleo la pili, na wenye nayo wamekuwa wakipewa matoleo mapya bila kulipa tena. Uzuri wake ni kwamba unaona kinachosogea: ukiiamuru mahali pa kuchota patembee polepole, mstari unatembea mbele ya macho yako. Mwanafunzi anayeona hujifunza haraka kuliko anayekisia. Jaribu toleo la majaribio kwanza. Linakata baada ya dakika 20 na halihifadhi kitu, ila dakika hizo zinatosha kujua kama laptopu yako inaibeba.

Na hilo la kubeba si mzaha. Punje 100 kwa sekunde, kila moja ya milisekunde 100, maana yake punje kumi zinalia kwa pamoja kwenye noti moja. Piga noti nne kwa pamoja, zimekuwa arobaini. Laptopu yangu ya zamani ilikuwa ikilia feni kama jenereta ya harusi.

4. Granulator III

Ni kazi ya Robert Henke, mmoja wa walioijenga Ableton Live, programu ya kutengenezea muziki, tangu mwanzo. Kwa sikio langu ndiyo yenye sauti safi kuliko zote hapa. Kwa nini basi iko ya nne? Inahitaji Live 12 Suite, toleo kubwa la Live, na Suite ni dola 749. Mwenye Suite aipakue leo, haitozwi zaidi. Asiye nayo asinunue nyumba kwa sababu ya mlango mmoja.

5. Borderlands, kwa wenye iPad

Sampuli zinatandazwa kwenye kioo kama mikeka, wewe unaweka viduara juu yake na kuvisogeza kwa kidole. Kinapogusa ndipo punje zinapochotwa. Kwa mtoto au mtu asiyependa nobu, sijaona mwalimu bora.

6. SuperCollider

Bure, na inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux. Ila unaandika msimbo. Ni kwa wale wanaoona raha hapo.

Portal ya kampuni ya Output nimeiacha nje ya orodha makusudi. Ni nzuri, wateja wangu wanaipenda, lakini ni athari iliyojengwa ikupe matokeo haraka, na anayejifunza nayo huishia kubadilisha sauti za kiwandani. Ije baadaye.

Kabla ya kulipia yoyote, chukua sampuli moja ya sekunde tano na uipitishe kwenye kila toleo la majaribio. Chagua sauti inayoendelea, kama zumari, feni au mvua. Ngoma zina mapengo, na punje zitakazochotwa kwenye pengo hazitakuwa na kitu. Rekodi mahali patulivu pia, kwa kuwa kelele ya nyuma nayo inasagwa na kutandazwa pamoja na sauti uliyoitaka. Yale mawimbi yangu ya nazi, ukiyasikiliza kwa hedifoni, kuna jogoo mle ndani. Aliwika mara moja tu nilipokuwa narekodi. Sasa anawika kwa sekunde arobaini.