Uzoefu wangu: basi la mashabiki, mechi ya ugenini, ligi ya madaraja ya chini

Misimu sita nimeishangilia timu hii, yote nikiwa uwanja wa nyumbani. Ikienda ugenini nilikuwa nabaki na simu mkononi, nikimtegemea jamaa mmoja anayetuma ujumbe kwenye kundi letu: "dk 34, bado ngoma nzito", kisha kimya cha nusu saa, kisha "tumepigwa". Msimu huu nikasema liwalo na liwe. Nikalipia siti kwenye basi linaloandaliwa na tawi la mashabiki. Unalipa mara moja tu, na humo mna kwenda, kurudi na tiketi ya kuingilia uwanjani. Naandika haya kwa yeyote anayewaza kujaribu, maana mimi nilitafuta wa kunieleza nikamkosa.

Kulipia kwenyewe ni kwa imani. Unampigia mratibu, unamtumia pesa, anakuandika kwenye daftari. Risiti hakuna. Nilijua nimeshaliwa. Lakini usiku wa kuamkia safari huyo mama akatupigia mmoja mmoja, watu arobaini na tatu, akirudia maneno yale yale: "Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Sikusema kumi na mbili. Atakayechelewa ataambulia vumbi."

Aliyechelewa likawa basi lenyewe. Lilifika saa moja kasoro, na halikuwa lile tuliloahidiwa. Tuliambiwa siti zinazolala na kiyoyozi. Likaja la siti zilizosimama kama za darasani, dirisha langu halifungiki, na juu ya kichwa changu spika kubwa ambayo haikunyamaza kwa saa tano. Kampuni iliyotukodisha siitaji, ila namsifu mratibu. Hakupiga kelele. Alimvuta dereva pembeni, akaongea na simu kama dakika kumi, akarudi akatuambia: "Pandeni. Tofauti yenu itarudi." Na ilirudi kweli, siku mbili baadaye, kila mtu na chake. Ukitaka kujua kama tawi lenu lina mratibu wa kuaminika, msikilize siku basi linapokuwa bovu.

Ndani ya basi kuna kila aina ya mtu. Baba na binti yake wa miaka kama tisa. Vijana wawili wenye ngoma iliyochukua siti yake peke yake (nao waliilipia). Mchezaji wetu wa zamani, ambaye alikaa nyuma na hakusema neno hadi tunafika. Na mzee mmoja wa siti ya mbele mwenye daftari dogo ambamo ameandika kila mechi ya ugenini aliyowahi kusafiri: tarehe, matokeo, nani kafunga, mvua au jua. Nikamuuliza mbona haandiki msimamo wa ligi. Akanijibu, "Msimamo unabadilika, mwanangu."

Tulipokaribia kufika kijana mmoja wa ngoma akatangaza kwamba leo tukifunga hata moja inatosha, kwa kuwa goli la ugenini linahesabika mawili. Mzee akageuka taratibu. Akamweleza kwamba kwenye ligi halijawahi kuhesabika hivyo. Hiyo ilikuwa kanuni ya mtoano, timu zikicheza nyumbani na ugenini na jumla ya mabao ikalingana, na hata UEFA, wale wa shirikisho la soka la Ulaya walioianza 1965, waliifuta 2021. Kijana akafikiri kidogo. "Sawa, mzee wangu. Lakini moyoni mwangu litabaki mawili."

Kuingia uwanjani kulikuwa na usumbufu. Geti tuliloelekezwa lilikuwa la wenyeji, tukazungushwa ukuta mzima na jezi zetu katikati ya mashabiki wao. Nilijiandaa kwa matusi. Tuliyoyapata ni utani, na mtu mmoja aliyetuuliza kwa huruma kabisa kama kweli tumesafiri saa tano kuja kufungwa.

Jukwaa la wageni ni ngazi tatu za zege karibu na kibendera cha kona. Paa hakuna, jua liko usoni. Goli la karibu unaliona vizuri. La mbali unakisia kwa namna wachezaji wanavyoshika vichwa. Kama unalipia ili uone mpira, ukweli ni kwamba televisheni inakupa zaidi. Nilikaa pale dakika tano za kwanza nikipiga hesabu ya pesa yangu kwa uchungu.

Kisha nikaanza kusikia.

Kati yetu na mstari wa pembeni palikuwa na kamba na hatua nne au tano. Beki wetu wa kushoto alipopanda na kushuka, nilisikia anavyohema. Nilisikia njumu zikikwangua udongo mgumu pale nyasi zilipokwisha. Nilimsikia kocha akimwita kiungo mkabaji kwa jina la utani ambalo nyumbani hatujawahi kulijua, na sasa tunalijua, pole yake. Mpira ukipigwa vizuri una mlio wake; ukipigwa vibaya una mlio mwingine, na baada ya robo saa unaweza kufumba macho ukajua krosi itafika au itaishia kwa mtu wa kwanza. Niliwahi kuingia uwanja mkubwa wa makumi ya maelfu mara moja maishani. Kule ukipiga kelele unaongeza tone baharini. Huku golikipa alikuja kutusalimia kabla ya mechi na akauliza aliko shabiki fulani ambaye hakusafiri.

Kinachosahaulika ni kwamba masikio yanafanya kazi pande zote mbili.

Lazima kwanza nieleze uwanja. Sheria za mchezo zinaruhusu upana wa kuanzia mita 45 hadi 90 kwa mechi za kawaida (za kimataifa ndizo zinazobanwa, 64 hadi 75), kwa hiyo viwanja viwili halali kabisa vinaweza kutofautiana kama sebule na uchochoro. Wetu ni sebule. Timu yetu inaishi kwa mawinga. Pale ilikuwa uchochoro: winga wetu wa kulia akipokea, akigusa mara mbili tu, mstari huu hapa, na beki anamsubiri bila hata kukimbia. Nyumbani ningemtukana huyu winga. Pale nilimwonea huruma, kwa sababu kwa mara ya kwanza niliona kwa macho yangu kile ambacho ule ujumbe wa "tumepigwa" haujawahi kunieleza.

Wenyeji wao wanaujua uchochoro wao. Wana beki mmoja anayerusha mpira kwa mikono kama anapiga kona. Dakika ya 27 akaufuta mpira kwa jezi, akarudi nyuma hatua tatu, akarusha. Ukapita juu ya mabeki wetu wote, ukamfikia moja kwa moja mshambuliaji wao aliyekuwa amesimama peke yake, kwapani mwa golikipa wetu. Akageuka, akasukuma. Bao.

Watu arobaini na tatu tukasimama kwa pamoja: "Kaoteaaa!" Mimi nilikuwa wa kwanza, nisifiche. Mshika kibendera alikuwa mbele yetu kabisa, tungeweza kumgusa bega. Tulimwita kila jina. Kijana mmoja akamfikia hadi mama yake. Naye, bila kugeuza kichwa, bila hasira, kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia, akasema:

"Mpira wa kurusha hauna kuotea."

Ngoma ikanyamaza. Tukatazamana. Mzee wa daftari akaandika kitu, akafunga kalamu yake, akasema polepole, "Kasema kweli." Na ndivyo sheria ilivyo: ukipokea mpira moja kwa moja kutoka kwenye kurusha, huwezi kuwa umeotea, hata ungesimama ndani ya nyavu. Wote tunaijua. Ilitutoka.

Aibu niliyoipata pale sijawahi kuipata uwanjani. Nyumbani nimemtukana mwamuzi mara ngapi? Sikumbuki, kwa sababu hakuwahi kunijibu. Huyu alitusikia neno kwa neno, na bado alikuwa na dakika sitini na zaidi za kusimama mbele yetu. Vijana walipoanza kudai kwamba amenunuliwa, nikawaza jambo jingine. Kelele za wenyeji zinasemekana kumsukuma mwamuzi, na si maneno ya walevi tu: ligi nyingi zilipochezwa viwanja vitupu mwaka 2020 kwa sababu ya korona, watafiti kadhaa walipitia takwimu wakakuta ile tabia ya wageni kupewa kadi nyingi kuliko wenyeji imepungua. Lakini huyu wetu, sikio lake la karibu lilikuwa letu. Kama kelele zingemsukuma, zingemsukuma upande wetu. Hakusukumika. Kuanzia hapo nikajikuta napiga kelele kwa adabu: "Mwamuzi msaidizi, hiyo yetu!" Jirani yangu alicheka hadi akakaa chini.

Sasa malalamiko yangu makubwa, na hapa napunguza nyota nzima: choo. Jukwaa zima la wageni lina choo kimoja. Mapumziko kisheria hayazidi dakika 15. Piga hesabu. Nilipanga foleni filimbi ya mapumziko ilipolia, na nilipofika mlangoni filimbi ya kipindi cha pili ilikuwa imeshalia zamani. Nikasema dakika mbili tu, kitatokea nini?

Nikiwa ndani nikasikia kelele.

Nyumbani goli ni ngurumo, na ukiisikia unajua ni lako. Nilisubiri ngurumo nikitetemeka, maana ugenini ngurumo ni msiba. Haikuja. Kilichokuja kwanza ni kimya, kimya cha ghafla, kama uwanja umezimwa. Halafu nyuma ya kile kimya, kwa mbali, sauti ndogo nyembamba ya watu wachache wanaopasua koo, na ngoma moja inayopigwa bila mpangilio wowote. Ilinichukua kama sekunde mbili kuelewa kwamba ile sauti ndogo ni yetu. Nilitoka mbio. Nikakuta watu wamelaliana kwenye zege, yule mchezaji wa zamani asiyesema neno analia waziwazi, na binti wa miaka tisa ananieleza bao zima kwa mikono: kona, kichwa, mtambaa panya, ndani.

Dakika zilizobaki ni mipira ya juu na vumbi, sitawachosha. Ilikwisha 1–1. Wachezaji wakaja hadi kwenye kamba, wamelowa, na beki wa kushoto akanitazama mimi, kati ya watu wote, akauliza, "Mmeliona lile bao lakini?"

Nikamwambia tumeliona.

Kurudi kulikuwa kwa usiku. Dereva alitaka kuondoka watu wawili hawajafika. Mratibu akasimama mlangoni mwa basi na daftari lake akasema halitembei gurudumu kabla hajahesabu arobaini na tatu. Tukakaa dakika arobaini. Walipotokea, hakuna aliyewagombeza, labda kwa sababu ya sare, tungefungwa wangeipata. Spika iliendelea na kazi yake. Mtu mmoja alikuwa amerekodi bao kwa simu, na video ikazunguka basi zima. Inaonyesha bega la mtu, anga, kisha kipande cha mwamba wa goli, kisha kila kitu kinageuka juu chini. Mpira hauonekani hata mara moja. Niliomba anitumie, na nimeiangalia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Ile sauti ndogo imo.

Kwa anayetaka kwenda: vaa kofia, beba maji yako, na choo nenda dakika ya 40, usisubiri mapumziko. Mtoto anafaa kusafiri, ila ujue masikio yake yatasikia yote, ya wachezaji na ya majirani zako. Muulize mratibu mapema geti la wageni liko upande gani, usikubali kujibiwa "mtaliona". Ukipenda kuona mpira vizuri, baki nyumbani na simu yako.

Usafiri nauchapa nyota mbili kati ya tano, uratibu tano, jukwaa moja na nusu, choo hakistahili hata namba. Kwa ujumla nne. Najua hesabu haitimii.

Mechi ijayo ya ugenini ni baada ya wiki tatu na jina langu limeshaandikwa kwenye daftari. Nimeomba siti iliyo mbali na spika. Mratibu amesema ataangalia.