Java kwenye Windows: Move Up nakupenda, setx sitaki hata kukusikia

Haya wadau, karibuni tena. Leo sichambui simu wala laptop, nachambua kale kadirisha mnakokakimbia, Environment Variables ya Windows, mipangilio ambayo programu huisoma, tunaiwekea Java njia yake. Kudaunlodi JDK, kifurushi cha kutengenezea programu za Java, sielezi, hiyo mnaijua. Mimi natumia JDK ya Temurin, bure kabisa, na installa yake inaweza kukuwekea JAVA_HOME yenyewe ila leo nafanya kwa mkono ili uone kinachoendelea.

Bonyeza kitufe cha Windows, andika env, Enta, bofya Environment Variables, kadirisha hako. Juu variable zako, chini za kompyuta nzima. Hapo chini weka JAVA_HOME, ielekeze kwenye folda ya JDK, ishie hapohapo, USIONGEZE folda ya bin! Mtu analia kwenye komenti Maven, zana ya kujengea miradi ya Java, haioni Java, ukimwambia abandike alichoandika, bin hiyo imekaa mwishoni. Hiyo bin inaingia kwenye Path ya hapohapo chini, orodha ya folda ambamo Windows hutafuta programu: %JAVA_HOME%\bin.

Sasa ninachokipenda, angalieni skrini. Mashine hii ina Java 8 na 21. Nafungua CMD, dirisha la kuandikia amri, naandika java -version, inaleta 1.8.0, yaani Java 8. Mbona nimeweka 21? Naandika where java, mistari miwili, ya zamani iko juu. Windows inasoma Path kutoka juu kwenda chini, ya kwanza kuonekana ndiyo inaitwa, na Path ya kompyuta nzima inasomwa kabla ya yako, kwa hiyo ukihangaika na ya juu huku Java 8 imekaa ile ya chini utakesha. Nenda ya chini, Edit, chagua mstari wa bin yetu, Move Up, Move Up, tena, tena, mpaka kileleni. OK mara tatu. Narudi kwenye CMD, java -version... 1.8 bado! Tulia, CMD hii ilinakili variable ilipofunguliwa. Nafunga, nafungua mpya. 21! Ona hiyo!

Kabla ya Windows 10 hiki kiorodha hakikuwepo, Path yote ilikuwa kwenye kisanduku cha mstari mmoja, unatenganisha kwa nuktamkato ukikodoa macho. Na msije mkatumia setx, amri ya kuweka variable kutoka CMD, kwenye Path, inakata kila kinachozidi herufi 1024, mimi nilijifanya mjanja nikapoteza nusu ya Path, git ikawa haitambuliki, kosa langu mwenyewe.

Watu wa Linux nawasikia, eti export moja kwenye .bashrc na kazi imeisha. Kweli, hapo mmetushinda, ila kosea herufi kwenye PATH uone hata ls inavyokukana. Video yenu inafuata, nikishabadilisha maiki, hii inakoroma.

Ah, na VS Code, kihariri cha kuandikia kodi, kama ilikuwa wazi ifunge yote, siyo terminali yake tu, la sivyo itaendelea kukuonyesha 1.8.