Fizio aliyemvusha mzee mlangoni kwa selotepu (nyota 4)

Nimechelewa kuandika hii rivyu makusudi, nilitaka nione kwanza kama si moto wa mabua. Baba yangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa neva unaoleta kutetemeka na mwendo mzito, mwaka wa nne huu. Kabla ya hapa tulikuwa kwa fizio (mtaalamu wa tiba ya viungo) mwingine, simtaji, kazi yake kumlaza mzee, kumnyoosha miguu, kumkanda kidogo, pole mzee pumzika, nusu saa imeisha lete hela. Miezi mitano hivyo na mzee anazidi kuburuta miguu.

Huyu wa sasa ni mtafiti pia, anachochunguza ndo hicho hicho, mazoezi kwa wenye magonjwa yanayokula neva taratibu. Siku ya kwanza hakumkanda popote. Alimwambia tu ainuke kwenye kiti, atembee mita 3, ageuke, arudi akae, huku anahesabu sekunde kwenye simu. Halafu ananiuliza mimi dawa anameza saa ngapi, nikawaza hii inahusu nini, kumbe anataka mazoezi yaangukie pale dawa imeshika, sio ile saa inaisha mzee anakuwa mzito kama gogo.

Ila kilichonimaliza ni mlango. Mwenye mgonjwa wa hivi anaelewa, akifika mlangoni miguu inaganda utadhani imegundishwa, na sisi nyumbani tulikuwa tunamvuta mkono, kidogo tumwangushe siku moja. Jamaa akabandika selotepu sakafuni, vipande vipande kama ngazi, akamwambia mzee usiwaze kutembea, wewe vuka mstari. Akavuka! Mimi machozi yananilenga, yeye wala, anaandika kwenye daftari lake.

Baadaye mzee alipimwa moyo ndo akapandishwa tredimili, ile mashine ya kutembelea palepale, na pale anatoka jasho kweli. Nikalalamika mbona unamtesa mgonjwa. Akanieleza utafiti wa Marekani uliotoka 2018, timu ya Margaret Schenkman, naye fizio, watu 128 wenye Parkinson changa. Waliokazana mpaka mapigo ya moyo yakafika asilimia 80 hadi 85 ya kiwango chao cha juu, baada ya miezi 6 dalili zao zilikuwa karibu palepale, wakati walioendelea na maisha yao ya kawaida hali yao ilizidi kuwa mbaya kama pointi 3 kwenye kipimo cha dalili. Kabla sijafurahi sana akaniwahi, wale walikuwa hawajaanza dawa, baba yako anameza, na sijasema inaponya. Hapo ndo nilimwamini.

Kuna mama mumewe ana ALS, ugonjwa unaoua neva za misuli mpaka misuli inaisha nguvu, alitaka naye akazwe hivyo hivyo, fizio akakataa kabisa, yule anapewa mazoezi mepesi mafupi na anasimamishwa kabla hajachoka.

Ubaya upo. Ukichelewa dakika kumi zimekatwa kwenye muda wako, hana huruma. Karatasi ya mazoezi ya nyumbani ina maneno ya kitabuni mpaka nikaichora upya mwenyewe. Na alituomba mzee aingie kwenye utafiti wake, tukakataa, akasema sawa tu na huduma haikubadilika, hilo nampa.

Zile mita 3 mzee alianza na sekunde 19, juzi 14. Mkono bado unatetemeka vilevile. Selotepu sasa iko mlango wa chooni na wa chumbani, wajukuu washaibandua mara mbili.